Amana na Uaminifu: Mgogoro wa Maryutka katika Filamu Bubu ya Sorok Pervyi (1927)

1.0 Utangulizi

Neno melodrama limetumiwa katika uhakiki wetu kama tusi zaidi kuliko lilivyotumiwa kama istilahi. Kazi ikiitwa ya kimelodrama, maana yake huwa kwamba machozi ni mengi, sadfa zimekithiri, na wahusika wamegawanywa makundi mawili, malaika upande huu na mashetani upande ule. Filamu bubu zimeathiriwa zaidi na hukumu hii. Huonekana kuwa na kasoro maradufu: ni za kimelodrama, na isitoshe hazisemi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa fasihi huzipita kama apitaye gofu, akijua kuwa hapo zamani palikuwa na nyumba lakini asidhani kwamba bado pana la kumfaa.

Makala haya yanaichunguza filamu moja ya aina hiyo, Sorok Pervyi, yaani Wa Arobaini na Moja, iliyoongozwa na Yakov Protazanov katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1927. Mhusika wake mkuu ni msichana askari anayempenda mfungwa aliyekabidhiwa amlinde, na ambaye mwishowe anamuua mfungwa huyo kwa mkono wake mwenyewe. Mwisho huu waweza kufasiriwa kwa njia mbili zilizo nyepesi. Kwa njia ya kwanza, wajibu umeyashinda mapenzi, na filamu ni funzo la kisiasa. Kwa njia ya pili, siasa imeyaua mapenzi, na filamu ni maombolezo yaliyovishwa sare ya jeshi. Tunadai kwamba fasiri zote mbili zinategemea dhana moja isiyo sahihi: kwamba Maryutka ana uaminifu wa aina mbili, kila mmoja ukiwa na chanzo chake, na kwamba anavutwa huku na kule baina yake. Kwa maoni yetu uaminifu wake ni mmoja. Mgogoro umo ndani ya huo mmoja, na ndiyo sababu hauna suluhisho.

2.0 Kisa na Asili Yake

Filamu hii imetokana na novela ya Boris Lavrenyov iliyotoka mwaka 1924. Protazanov hakuwa mgeni katika sanaa ya melodrama. Kabla ya Mapinduzi ya 1917 alikuwa miongoni mwa waongozaji mashuhuri wa sinema ya Urusi, na filamu yake ya mwaka 1916 iliyotokana na hadithi ya Pushkin, Malkia wa Mashupaza, ingali inatajwa katika historia za sanaa hiyo. Alihama, akafanya kazi Ufaransa na Ujerumani, kisha akarejea mwaka 1923 na kuitoa Aelita mwaka 1924. Kwa hiyo, wakati Eisenstein na wenzake walipokuwa wakijenga nadharia ya montaji, Protazanov aliendelea kuamini nguvu ya mwigizaji na ya kisa kinachosimuliwa kwa utulivu. Yafaa tukumbuke jambo hili tunapomtazama Ada Voytsik katika nafasi ya Maryutka na Ivan Koval-Samborsky katika nafasi ya luteni.

Kisa kinatokea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata Mapinduzi. Kikosi cha Jeshi Jekundu kimeshindwa, na mabaki yake yanalivuka jangwa la Karakum chini ya kamisaa Yevsyukov. Miongoni mwao yumo Maryutka, yatima aliyetoka kwa wavuvi wa mdomo wa mto Volga, mlenga shabaha aliyekwisha kuua maadui arobaini. Kikosi kinaushambulia msafara wa ngamia. Maryutka anamlenga luteni wa Jeshi Jeupe, Govorukha-Otrok, na risasi inamkosa. Huyo ndiye angekuwa wa arobaini na moja. Luteni anatekwa akiwa hai. Yagunduliwa kuwa amebeba ujumbe mzito, na Maryutka anakabidhiwa kumlinda.

Baada ya kiu, njaa na vifo, waliosalia wanafika kwenye Bahari ya Aral. Kamisaa anaamua kumpeleka mfungwa makao makuu kwa mashua, chini ya ulinzi wa Maryutka na askari wawili. Dhoruba inawachukua askari hao, na wawili waliobaki wanatupwa kisiwani. Luteni anashikwa na homa kali, Maryutka anamuuguza katika kibanda cha wavuvi, mapenzi yanazaliwa. Kisha mashua inaonekana. Luteni anawatambua wenzake wa Jeshi Jeupe na kukimbilia majini. Maryutka anafyatua bunduki, na mara hii hakosi. Mara anaukimbilia mwili, anaukumbatia na kulia.

3.0 Ububu kama Lugha

Peter Brooks, katika uchunguzi wake wa mwaka 1976 kuhusu melodrama, alionyesha kwamba utanzu huu ulikua katika kivuli cha Mapinduzi ya Ufaransa, wakati mamlaka ya kale ya kanisa na mfalme yalipoporomoka na watu wakawa wanatafuta namna mpya ya kuufanya wema na uovu uonekane kwa macho. Alisisitiza pia nafasi ya ububu. Katika melodrama, ukweli mkubwa kabisa mara nyingi humwangukia mtu asiyeweza kuusema, naye huutoa kwa ishara, kwa mkao wa mwili na kwa macho. Mfano ulio wazi ni Coelina ya Pixérécourt, iliyoigizwa Paris mwaka 1800, ambamo mzee bubu ndiye aliyebeba siri ya tamthilia nzima.

Tukiyazingatia hayo, filamu bubu si melodrama iliyopungukiwa na sauti. Ni utanzu uliopata chombo kilichoufaa. Maneno yaliyomo, yaani vibao vya maandishi vinavyotokea baina ya picha, ni machache, na hutuambia yaliyosemwa tu. Yasiyosemeka hubaki usoni na mikononi mwa mwigizaji.

Kwa Maryutka jambo hili lina uzito wa pekee. Lavrenyov amemchora kuwa mtu aliyeshindwa na maneno. Katika novela anatunga mashairi kuhusu mapinduzi, anayapeleka magazetini, na wahariri wanayakataa. Mashairi hayo ni hafifu, naye hajui ni kwa nini, kwa sababu anayoyahisi si hafifu hata kidogo. Baadaye luteni anapotaka kuvuta sigara na hana karatasi ya kusokotea, Maryutka anampa karatasi zenye mashairi yake. Mhakiki asiyakosee maana matendo haya mawili. Mashairi ni uaminifu wake kwa mapinduzi ukiwa umeandikwa. Karatasi ile ile, mkononi mwa luteni, ni zawadi ya kwanza ya mapenzi. Kitu ni kimoja, nacho kimetumikia pande zote mbili bila Maryutka kuona kuwa amemsaliti yeyote.

4.0 Dhana ya Amana

Tunapozungumzia mtu aliye baina ya mambo mawili, lugha yetu hutupa methali mara moja: njia mbili zilimshinda fisi, au mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Methali hizi zina hekima, lakini zina hukumu pia. Fisi alishindwa kwa ulafi wake. Mpanda farasi alipasuka kwa sababu hakutaka kuacha hata mmoja. Kosa liko katika tamaa. Maryutka hawezi kuhukumiwa hivyo. Hakuzitamani njia mbili. Alipewa njia moja, akaifuata kwa unyofu, ikamfikisha mahali pawili.

Hapa ndipo dhana ya amana inapotufaa. Uaminifu, imani na amana ni maneno ya ukoo mmoja yaliyotokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze kwa niaba ya mwingine. Si mali yako, lakini uhai wake umo mikononi mwako. Ukikipoteza kwa uzembe au ukikitumia kwa manufaa yako, umefanya hiana. Neno hili halimo katika filamu wala katika novela. Ni ala yetu ya uhakiki. Hata hivyo linaeleza hali ya Maryutka kwa usahihi ambao neno wajibu pekee haliufikii.

Luteni ni amana. Kamisaa amemkabidhi kwa Maryutka kwa masharti mawili: amfikishe makao makuu akiwa hai, na iwapo watakutana na Weupe, asimwachie mikononi mwao akiwa hai. Masharti haya yanatoka katika kinywa kimoja, katika agizo moja. La kwanza lamtaka Maryutka amlinde mtu huyu kuliko anavyoilinda roho yake. La pili lamtaka amuue. Yaani kabla ya homa, kabla ya kibanda, kabla ya mapenzi yenyewe, amana imekwisha kubeba ndani yake utunzaji na mauti pamoja.

Kwa sababu hiyo mapenzi ya kisiwani hayakuingia kisani kama mwizi aingiavyo usiku. Yalizaliwa ndani ya utiifu. Maryutka alimuuguza luteni kwa kuwa aliamriwa kumtunza akiwa hai, na kumtunza mtu usiku na mchana, kumnywesha maji, kumfunika, kusikiliza pumzi yake, ni mambo ambayo mwili hauwezi kuyatenda kwa muda mrefu yakabaki kuwa kazi ya kijeshi tu. Askari mzembe asingempenda luteni. Maryutka alimpenda kwa sababu alikuwa askari mwaminifu.

Tusisahau pia kwamba katika novela, ili akubaliwe jeshini, Maryutka alitakiwa kutia saini ahadi ya kuacha maisha ya kike, kuzaa kukiwemo, hadi kazi iushinde mtaji ushindi wa mwisho. Lavrenyov analieleza jambo hili kwa kejeli nyepesi, lakini kejeli hiyo ina mwiba. Jeshi lilimpokea mwanamke kwa sharti kwamba asiwe mwanamke, kisha likampa kazi ya kumtunza mtu, kazi ambayo desturi imewaachia wanawake tangu jadi. Agizo la kamisaa lilivunja mkataba wa jeshi lenyewe, wala hakuna aliyetambua.

5.0 Mkono na Jicho

Madai yetu yanathibitishwa na jinsi filamu inavyoutumia mwili. Tunapendekeza kwamba Sorok Pervyi itazamwe kama historia ya mkono mmoja. Mkono wa Maryutka umeshika bunduki tangu mwanzo, ndio unaomshika mateka jangwani, ndio unaomuuguza, ndio unaompiga kofi wanapogombana, ndio unaofyatua risasi ya mwisho, na ndio unaoukumbatia mwili wake. Riwaya ingeweza kututenganishia vitendo hivi kwa sura na kwa maelezo ya nia. Kamera haina anasa hiyo. Mtazamaji anauona mkono ule ule, na hana namna ya kusema kwamba huu ulikuwa mkono wa askari na ule ulikuwa mkono wa mpenzi.

Ugomvi wenyewe unastahili kuangaliwa. Luteni amechoka na vita. Anatamani kurudi kwenye nyumba, vitabu na utulivu, na anamwalika Maryutka katika ndoto hiyo. Kwa lugha yetu tungesema kwamba anatafuta amani, neno jingine la ukoo ule ule, na kwamba msichana anamjibu kwa imani. Kofi la Maryutka halitokani na chuki. Ametambua kwamba amani anayopewa itanunuliwa kwa kuwaacha wengine jangwani.

Ama kuhusu jicho, novela inarejelea mara kwa mara macho ya luteni, ambayo ni ya buluu. Maryutka anayaona siku ya kwanza, na mwishoni anamlilia marehemu kwa kumwita kwa rangi ya macho yake. Filamu ya mwaka 1927 haikuwa na rangi. Protazanov alinyimwa buluu iliyokuwa mhimili wa hisia katika matini asilia, kwa hiyo ilimlazimu kuyatafuta macho kwa njia nyingine: kwa mwanga, na kwa namna mwigizaji mmoja anavyomtazama mwenzake. Jicho likawa tendo, halikubaki kuwa sifa.

Tofauti hii yaonekana wazi tukiilinganisha filamu hii na ile ya Grigory Chukhrai ya mwaka 1956, iliyotengenezwa upya kwa sauti na kwa rangi, ikapigwa picha na Sergei Urusevsky na kupewa tuzo maalum huko Cannes mwaka 1957. Filamu ya Chukhrai ni nzuri, na ujasiri wake katika kumfanya afisa wa Jeshi Jeupe apendeke hauna shaka. Lakini ndani yake wahusika wanaweza kujieleza, na kila wanapojieleza wanakuwa wawakilishi wa hoja: huyu wa upande huu, yule wa upande ule. Katika filamu bubu hoja zimepungua, na watu wamebaki.

6.0 Mashua na Kanuni ya Uokozi

Melodrama ya filamu bubu ilikuwa na kanuni iliyopendwa kupita zote, yaani uokozi wa dakika ya mwisho. D. W. Griffith aliitumia mara nyingi. Katika Orphans of the Storm ya mwaka 1921, Henriette, aliyeigizwa na Lillian Gish, anavutwa baina ya mapenzi na dada yake kipofu, naye anafikishwa hadi kwenye gilotini kabla ya msamaha kuwasili. Kanuni hii humwondolea mhusika mzigo wa kuchagua. Anateseka baina ya mambo mawili, kisha farasi wanakuja mbio, naye anapewa yote mawili.

Protazanov aliijua kanuni hiyo, na watazamaji wake waliijua pia. Watu wawili wako kisiwani peke yao, mashua inatokea, kwa mujibu wa kanuni huo ni uokozi. Luteni anaisoma mashua hivyo hivyo: anafurahi, anakimbia, anapunga mikono. Lakini chombo kilichokuja kuokoa ndicho kinacholeta mauti, kwa kuwa kinalitimiza lile sharti la pili la amana. Hapa melodrama imegeuzwa dhidi ya faraja yake. Wala haikugeuzwa kwa hila za mtunzi, kwani hapana jipya lililoingizwa. Agizo la kamisaa lilikuwapo tangu walipoondoka pwani, nasi tulilisahau kwa sababu tulitaka kulisahau.

Isitoshe, hesabu imekamilika. Risasi iliyokosa jangwani ilikuwa imeacha pengo baina ya arobaini na arobaini na moja, na mapenzi yote yaliishi ndani ya pengo hilo. Risasi ya kisiwani inaliziba. Laiti filamu ingekoma hapo, fasiri ya kwanza, ile ya ushindi wa wajibu, ingekuwa sahihi. Haikukoma. Maryutka anautupa mwili wake juu ya maiti, na kilio chake hakimo katika hesabu yoyote. Ametimiza amana kikamilifu, na utimilifu huo ndio msiba wake.

7.0 Pingamizi Mbili

Mhakiki anayetazama kazi kwa jicho la ufeministi angeweza kuuliza: je, si huyu tena ni mwanamke aliyefanywa mizani ya kupimia siasa za wanaume? Kamisaa anaagiza, luteni anashawishi, na msichana anateseka baina yao. Swali hili ni la haki, na tunakubali kwamba novela inamsawiri luteni kuwa mwenye elimu na Maryutka kuwa mwanafunzi wake. Kisiwani luteni anamsimulia kisa cha Robinson Crusoe, na kwa mzaha anamwita Ijumaa. Mateka anampa mlinzi wake jina la mtumwa, naye mlinzi analipokea kwa furaha! Hata hivyo, kisa hakimwachi luteni akiwa na kauli ya mwisho. Ijumaa wa Defoe hakuwahi kupewa nafasi ya kuamua hatima ya bwana wake. Maryutka anaamua, na anabeba uzito wa uamuzi huo bila mwanamume yeyote kumbebea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nasi hatuna jibu lake kamili. Jangwa hili lina wenyewe. Wenyeji wake, ambao Warusi wa wakati huo waliwaita Wakirgizi hata walipokuwa Wakazakhi, wanapita kisani kama sehemu ya mandhari. Ngamia wao wanachukuliwa kwa jina la mapinduzi, na wanapoibwa usiku, kisa kinautazama wizi huo kama balaa ya safari, ilhali kwa wenye ngamia huenda ulikuwa haki iliyorejeshwa. Msomaji anayetoka katika nchi iliyowahi kuvukwa na majeshi ya wageni hawezi kulipita jambo hili kimya. Maryutka amekabidhiwa amana na kamisaa. Hakuna anayeuliza ni amana gani iliyokuwapo baina ya kikosi na watu ambao maji yao kilikunywa. Filamu inayoelewa uaminifu kwa kina namna hii inauona ndani ya familia moja tu, ile ya Warusi waliogawanyika.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Sorok Pervyi hailingani na picha tuliyozoea ya melodrama. Haina shetani, na malaika wake ameua watu arobaini na mmoja. Imeutumia ububu wake kutenda jambo ambalo mjadala wa maneno ungelishindwa: kuyaweka mapenzi na mauaji katika mkono mmoja na kumzuia mtazamaji asiyatenganishe. Kwa kuutumia mwanga wa dhana ya amana, tumeona kwamba Maryutka hakuchanwa na pande mbili zilizomvuta. Alichanwa na ukamilifu wa uaminifu mmoja uliomwamuru amtunze mtu na amuue mtu huyo huyo.

Matokeo ya usomaji huu kwa uhakiki wetu ni haya. Tumezoea kuwahukumu wahusika wa kike walio katika migogoro ya namna hii kwa kuuliza walichagua nini, kisha tukawapa alama kwa uchaguzi huo: shujaa, msaliti, mhanga. Swali lenye manufaa zaidi ni nani aliyewakabidhi amana isiyoweza kutimizwa bila hasara, na kwa nini aliyekabidhi hayupo wakati wa kulipa. Kamisaa Yevsyukov hayupo kisiwani. Agizo ni lake. Maiti imo mikononi mwa Maryutka.